NFS na autofs: kushea mafaili kwenye mtandao na kuyafanya yajipachike yenyewe

Maswali ninayoletewa ni yaleyale matatu. La kwanza: "Nimeshea folda kwenye seva ya Linux, mbona kompyuta nyingine inakataliwa?" La pili: "Folda naiona, mbona siwezi kuandika ndani yake?" La tatu ndilo linaloumiza zaidi: "Umeme ulikatika, uliporudi kompyuta zote zikaganda kabla hata ya kufika pa kuingilia. Nifanye nini?" Mwongozo huu unayajibu yote matatu, na hilo la tatu nimelipa uzito wa pekee kwa sababu miongozo mingi huliruka.

Mfano nitakaoutumia ni maabara ya kompyuta ya shule, kama ile ninayoitunza: seva moja na kompyuta 18 za wanafunzi, zote zimeungwa kwa kebo kwenye swichi moja. Mtandao ni 192.168.10.0/24 na seva ni 192.168.10.5. Badilisha namba hizo ziendane na mtandao wako. Hata kama una ofisi ya watu wanne au studio ya kuhariri video, kazi ni ileile.

Nadharia kidogo tu. NFS ni njia ya kompyuta moja kutumia folda iliyo kwenye kompyuta nyingine kana kwamba iko kwenye diski yake yenyewe. Ilitoka kwa Sun Microsystems mwaka 1984 na mpaka leo imo kwenye Linux, FreeBSD na macOS. Kompyuta inayotoa folda ni seva, inayoomba ni mteja. Kuiweka folda ya mbali mahali fulani ndani ya mfumo wako ni kuipachika, au kama mafundi wengi tunavyosema, kumaunti. Hapa tutatumia toleo la 4, ambalo linahitaji poti moja tu, 2049 ya TCP. Matoleo ya zamani yalitaka poti kadhaa, na ndiyo sababu miongozo ya zamani ina maelezo marefu ya fayawoli usiyoyahitaji tena.

Autofs ni bawabu. Hafungui mlango mpaka mtu abishe. Ukigusa folda, anaipachika papo hapo. Usipoigusa kwa muda fulani, anaipachua.

Kwa nini nasisitiza autofs badala ya kuandika mstari mmoja kwenye /etc/fstab (faili linaloorodhesha folda na diski za kupachikwa kompyuta inapowaka) na kumaliza? Kwa sababu ya umeme. Mwaka wa kwanza nilitumia fstab peke yake. Umeme ukirudi, kompyuta zote huwaka pamoja, lakini seva yenye diski kubwa huchelewa kwa sababu inakagua diski zake kwanza. Kompyuta za wanafunzi zinaitafuta seva ambayo bado haijaamka, zinasubiri, na darasa zima linasubiri pamoja nazo. Kwa autofs kompyuta huwaka bila kuiulizia seva kabisa. Seva huulizwa pale tu mwanafunzi anapofungua folda.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Seva yenye Debian au Ubuntu. Kwa Rocky au AlmaLinux nitataja tofauti zinapotokea. Angalau kompyuta moja ya mteja yenye Linux. Haki ya kutumia sudo kote kuwili. Kebo ya mtandao, maana NFS juu ya Wi-Fi dhaifu itakukatisha tamaa bure. Nakala rudufu ya mafaili yaliyopo sasa, iliyo mahali pengine kabisa. Na kama bajeti inaruhusu, UPS ya seva pamoja na swichi. Wengi huipa seva UPS wakaisahau swichi, kisha seva inabaki hai huku hakuna awezaye kuifikia.

Kama kompyuta zako nyingi ni za Windows, kinachokufaa ni Samba, programu ya kushea mafaili kwa njia ya Windows. Usijilazimishe NFS.

Hatua ya 1: Ipe seva anwani isiyobadilika

Ingia kwenye rauta, utafute sehemu ya DHCP, uifungie seva anwani yake, hapa 192.168.10.5. Ukiruka hatua hii, siku rauta itakapoipa seva anwani nyingine kila kitu kitavunjika kwa pamoja, na utatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Hatua ya 2: Sakinisha pakeji

Kwenye seva:

```
sudo apt update
sudo apt install nfs-kernel-server
```

Kwenye kila mteja:

```
sudo apt update
sudo apt install nfs-common autofs
```

Kwa Rocky na AlmaLinux, pakeji ya seva na ya mteja ni moja, `nfs-utils`, na autofs unaiongeza kwa mteja. Huko huduma hazijiwashi zenyewe, kwa hiyo andika `sudo systemctl enable --now nfs-server` kwenye seva na `sudo systemctl enable --now autofs` kwa mteja.

Hatua ya 3: Andaa folda, watumiaji na namba zao

Hapa ndipo swali la pili linapozaliwa, kwa hiyo soma polepole. NFS ya kawaida haijui majina, inajua namba. Kwa seva, wewe si Amina, wewe ni 3001. Kama Amina ni 3001 kwenye seva lakini ni 1000 kwenye kompyuta ya mezani, seva itamwona kama mtu mwingine kabisa: aidha itamkatalia, au mbaya zaidi, itampa mafaili ya mwenye namba 1000.

Kwa hiyo panga namba kwanza, uziandike kwenye daftari, kisha utengeneze watumiaji hao kwa namba zilezile kwenye seva na kwa wateja wote:

```
sudo groupadd -g 3000 maabara
sudo adduser --uid 3001 amina
sudo usermod -aG maabara amina
```

Hakikisha kwa `id amina` kwenye mashine zote mbili. Namba zisipofanana, usiendelee mbele. Uanachama wa kundi nao uweke kote kuwili. Kwenye Debian na Ubuntu, kwa mipangilio yao ya kawaida, seva husoma orodha yake yenyewe ya makundi, na ukimwongeza mtu kwenye kundi upande wa mteja peke yake utashangaa anavyoendelea kukataliwa.

Sasa folda, kwenye seva:

```
sudo mkdir -p /srv/nfs/kazi /srv/nfs/vitabu /srv/nfs/binafsi
sudo chown root:maabara /srv/nfs/kazi
sudo chmod 2775 /srv/nfs/kazi
```

Ile 2 ya mwanzo ina kazi yake: hufanya kila faili jipya ndani ya `kazi` lirithi kundi la maabara. Bila hiyo kila mwanafunzi angeunda mafaili ya kundi lake mwenyewe na wenzake wasingeweza kuyahariri. Angalia pia `umask` ya watumiaji, yaani namba inayoamua ruhusa zipi ziondolewe kwenye mafaili mapya. Ikiwa ni 022, mafaili mapya hayataandikika na kundi, iweke 002.

Folda ya binafsi ya kila mtu:

```
sudo mkdir /srv/nfs/binafsi/amina
sudo chown amina:amina /srv/nfs/binafsi/amina
sudo chmod 700 /srv/nfs/binafsi/amina
```

Hatua ya 4: Iambie seva nani apewe nini

Fungua `/etc/exports` kwenye seva uandike:

```
/srv/nfs/kazi     192.168.10.0/24(rw,sync,no_subtree_check)
/srv/nfs/vitabu   192.168.10.0/24(ro,sync,no_subtree_check)
/srv/nfs/binafsi  192.168.10.0/24(rw,sync,no_subtree_check)
```

Kisha:

```
sudo exportfs -ra
sudo exportfs -v
```

Amri ya kwanza husoma upya faili hilo, ya pili hukuonyesha seva imeelewa nini. Isome kwa makini.

ONYO KUBWA. Kati ya anwani na mabano pasiwe na nafasi. Ukiandika `192.168.10.0/24 (rw)`, NFS husoma vitu viwili tofauti: mtandao wako unapata mipangilio ya kawaida, yaani kusoma tu, na dunia nzima inapata ruhusa ya kuandika. Nafasi moja ya kidole gumba! Ukiona neno `<world>` kwenye jibu la `exportfs -v`, ujue umeingia mtego huo.

Machaguo mawili utakutana nayo kwenye miongozo mingine ukishawishiwa kuyatumia. `async` huongeza kasi kwa sababu seva hujibu "nimeshaandika" kabla haijaandika kwenye diski. Mahali umeme unapokatika bila taarifa, hiyo ni kuandaa mafaili yaliyoharibika. Baki na `sync`. La pili ni `no_root_squash`, ambalo watu huliweka wakiona root (msimamizi mkuu wa mashine) anakataliwa kuandika. Root wa mteja anatakiwa kukataliwa. Seva humgeuza makusudi kuwa `nobody`. Ukiiondoa kinga hiyo, yeyote mwenye root kwenye kompyuta moja ya maabara anaweza kuharibu au kupandikiza chochote kwenye folda zako zote.

Kama folda zako ziko kwenye diski ya pili iliyopachikwa kwenye `/srv/nfs`, ongeza chaguo `mp=/srv/nfs` ndani ya mabano. Siku diski hiyo itakapokataa kuwaka, seva haitatoa folda hizo kabisa. Bila chaguo hilo ingetoa folda tupu, na watu wangeandika kazi zao kwenye diski ya mfumo bila kujua.

Hatua ya 5: Fungua poti

```
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 2049 proto tcp
```

Kwa Rocky na AlmaLinux:

```
sudo firewall-cmd --permanent --add-service=nfs
sudo firewall-cmd --reload
```

Usiifungue poti hii kwa intaneti, hata kwa siku moja ya majaribio. NFS ya namna hii haifichi data njiani, na inaamini namba yoyote ya mtumiaji inayoletwa na mteja. Anayehitaji mafaili kutoka tawi la mbali apitie WireGuard, ambayo ni VPN, yaani njia iliyofichwa ndani ya intaneti. Na hata ndani ya maabara, mwanafunzi anayewasha kompyuta kwa flashi yenye Linux yake mwenyewe anaweza kujifanya namba 3001. Mitihani na mishahara isikae kwenye seva hii.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mkono kwanza

Wanaoanza wengi hurukia autofs moja kwa moja. Ikigoma hawajui kama kosa ni la NFS au la autofs. Kwa mteja andika:

```
sudo mkdir -p /mnt/jaribio
sudo mount -t nfs4 192.168.10.5:/srv/nfs/kazi /mnt/jaribio
findmnt -t nfs4
```

Kisha ingia kama amina, siyo root, na uunde faili:

```
touch /mnt/jaribio/habari.txt
ls -l /mnt/jaribio
```

Unatakiwa kuona jina la amina na kundi la maabara. Ukiona hivyo, sehemu ngumu imekwisha. Ipachue:

```
sudo umount /mnt/jaribio
```

Isipokubali, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kutatua matatizo. Usiguse autofs kabla hatua hii haijafaulu.

Kuna amri ya `showmount -e 192.168.10.5` inayopendwa sana na waandishi wa miongozo. Amri hiyo hutumia njia za toleo la zamani, ambazo fayawoli yako imezifunga. Itashindwa hata kama NFS yako ya toleo la 4 inafanya kazi vizuri kabisa. Usiipe uzito.

Hatua ya 7: Mpe bawabu kazi

Autofs inahitaji mafaili mawili. La kwanza husema "simamia folda hii, kwa kufuata ramani ile". La pili ndiyo ramani yenyewe.

Unda `/etc/auto.master.d/shule.autofs`. Jina lazima liishie na `.autofs`, la sivyo halisomwi:

```
/shule    /etc/auto.shule    --timeout=120 --ghost
```

Kisha unda `/etc/auto.shule`:

```
kazi     -fstype=nfs4,rw,hard   192.168.10.5:/srv/nfs/kazi
vitabu   -fstype=nfs4,ro,hard   192.168.10.5:/srv/nfs/vitabu
```

Safu ya kwanza ni jina la folda ndani ya `/shule`, bila mkwaju mbele yake. Safu ya pili ni machaguo, ya tatu ni mahali folda iliko. Halafu:

```
sudo chmod 644 /etc/auto.shule
sudo systemctl restart autofs
ls /shule/kazi
```

Usiipuuze ile chmod. Faili la ramani likiwa na ruhusa ya kuendeshwa kama programu, autofs hulichukulia kuwa programu kweli na kujaribu kuliendesha badala ya kulisoma. Mtu aliyenakili faili kutoka flashi ya Windows hukutwa na jambo hili, kwa sababu mafaili ya flashi mara nyingi huja na ruhusa zote.

Usiunde `/shule/kazi` kwa mkono. Kazi hiyo ni ya autofs. Na usiielekeze autofs isimamie `/home` kwenye kompyuta ambayo tayari ina watumiaji wake, maana itazifunika folda zao zote, pamoja na yako wewe msimamizi. Mafaili hayafutiki, lakini huwezi kuyafikia mpaka uisimamishe autofs.

`--timeout=120` maana yake ni sekunde 120 bila kuguswa ndipo folda ipachuliwe. `--ghost` huonyesha majina ya `kazi` na `vitabu` hata kabla hayajapachikwa, jambo linalowasaidia watu wanaotumia kipanya wasidhani folda imepotea.

Kuhusu `hard`: maana yake mteja atasubiri mpaka seva irudi, hata kama ni saa nzima, kisha aendelee kuandika pale alipoishia. Kinyume chake ni `soft`, ambayo hukata tamaa na kuirudishia programu kosa. Watu huipenda `soft` kwa sababu haigandishi kompyuta, lakini programu nyingi hazijui la kufanya na kosa hilo, na faili lililokuwa likiandikwa hubaki nusu. Kwa folda ya kuandikwa, tumia `hard`. Kwa `vitabu`, ambayo ni ya kusoma tu, `soft` haina madhara makubwa.

Hatua ya 8: Folda ya kila mtu kwa mstari mmoja

Autofs inanifurahisha hapa kuliko mahali pengine pote. Wanafunzi ni 300, na huhitaji mistari 300. Ongeza mstari huu kwenye `/etc/auto.master.d/shule.autofs`:

```
/binafsi    /etc/auto.binafsi    --timeout=120
```

Na ndani ya `/etc/auto.binafsi` mstari huu mmoja tu:

```
*    -fstype=nfs4,rw,hard    192.168.10.5:/srv/nfs/binafsi/&
```

Nyota hupokea jina lolote litakaloombwa, na alama ya `&` hulirudia jina hilohilo upande wa seva. Amina akifungua `/binafsi/amina`, inapachikwa `/srv/nfs/binafsi/amina`. Mwanafunzi mpya akija, unamwandikisha mtumiaji kote kuwili kama hatua ya 3 na kumtengenezea folda kwenye seva, ramani huigusi.

Iwashe upya autofs, kisha jaribu `ls /binafsi/amina`. Ukiandika `ls /binafsi` peke yake utaona patupu, na hapo ndipo simu yangu hulia. Hakuna kilichoharibika. Nyota haina orodha ya majina ya kuonyesha. Taja jina na folda itatokea. Kwa watumiaji wa kipanya, watengenezee njia ya mkato kwenye desktopu:

```
ln -s /binafsi/amina ~/Desktop/Mafaili-yangu
```

Utajaribiwa kuhamishia kwenye seva hata folda za nyumbani zenyewe. Inawezekana, na mahali pengi hufanywa, lakini usianze nayo. Kwenye Ubuntu, kwa mfano, Firefox inayokuja kama snap hukataa kufunguka mtumiaji akiwa na folda ya nyumbani iliyo nje ya `/home` mpaka mfumo upangiwe. Anza na folda za kazi, uzizoee.

Hatua ya 9: Jaribio la umeme

Usimalize bila hili. Zima seva. Iwashe upya kompyuta ya mteja. Inatakiwa ifike pa kuingilia bila kuchelewa, huku seva ikiwa bado imelala. Fungua `/shule/kazi`: itasubiri kidogo, pengine dakika mbili, kisha itakuambia folda haipo. Sasa washa seva, subiri imalize kuwaka, kisha ufungue tena.

Mambo mawili hapa huwachanganya watu wengi. Autofs ikishindwa kupachika, huikumbuka aibu hiyo kwa sekunde 60 na haijaribu tena mpaka zipite. Vilevile, seva ya NFS toleo la 4 ikiwaka inaweza kuchukua hadi sekunde 90 kuwapa wateja wa zamani nafasi ya kudai mafaili waliyokuwa wameyafungua. Ndani ya muda huo kufungua faili kunaweza kuganda. Anayeanza huona imeganda, akaiwasha upya seva, na zile sekunde 90 zinaanza kuhesabiwa tena. Kaa uangalie saa. Itaamka.

Hatua ya 10: Sambaza kwa kompyuta nyingine

Mteja mmoja akishafanya kazi, nakili yale mafaili matatu (`shule.autofs`, `auto.shule`, `auto.binafsi`) kwa `scp` kwenda kwenye mashine nyingine, uziwashe upya autofs zake. Usiandike upya kwa mkono kwenye kompyuta 18. Utakosea kwenye ya kumi na moja.

Njia nyingine: systemd peke yake

Kama una folda moja au mbili na hutaki kusakinisha autofs, systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) ina bawabu wake. Weka mstari huu kwenye `/etc/fstab`:

```
192.168.10.5:/srv/nfs/kazi  /mnt/kazi  nfs4  rw,hard,noauto,_netdev,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=120  0  0
```

Kisha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl start mnt-kazi.automount`. Jina `mnt-kazi` limetokana na `/mnt/kazi`, mkwaju umegeuzwa kistari. Kwa laptopu ya mtu mmoja ndiyo ninayoitumia mwenyewe. Lakini haina ile nyota ya hatua ya 8.

Mambo yakigoma

*"access denied by server while mounting"*: seva imekusikia ila imekukataa. Angalia anwani ya mteja kwa `ip a`. Mara nyingi laptopu imeunganishwa Wi-Fi ya wageni na ina anwani ya mtandao mwingine. Kama anwani ni sawa, umesahau `exportfs -ra`.

*"Connection refused"*: huduma haijawashwa kwenye seva. Angalia kwa `systemctl status nfs-server`. *"Connection timed out"* au *"No route to host"*: ni fayawoli, kebo, au anwani si ile.

*"bad option"* ikifuatiwa na maelezo marefu yanayotaja `/sbin/mount.<type>`: hujasakinisha `nfs-common` kwa mteja.

*"No such file or directory"* wakati folda ipo kwenye seva: tafuta `fsid=0` ndani ya `/etc/exports`. Miongozo ya zamani iliitaka. Ikiwepo, njia zote za mteja huanza kuhesabiwa kutoka folda hiyo, kwa hiyo njia kamili haipatikani. Iondoe.

*"Permission denied" ukiandika*: linganisha `id` za pande zote mbili kwanza. Kisha uliza: je, unaandika kama root? Kisha: ulipoongezwa kwenye kundi, ulitoka na kuingia upya?

*Mafaili yanaonyesha mmiliki `nobody`*: yaliundwa na root kutoka kwa mteja. Yarekebishe kwa `chown` ukiwa kwenye seva.

*"Stale file handle"*: folda ilifutwa au ilibadilishwa kwenye seva huku mteja akiwa bado ameishika. Toka ndani yake, andika `sudo umount -l /shule/kazi`, kisha uingie upya.

*"target is busy"*, au folda haipachuliwi hata baada ya muda wake: kuna aliyeikalia. `sudo fuser -vm /shule/kazi` itakutajia ni programu gani. Mara nyingi ni terminali iliyoachwa wazi ndani ya folda hiyo, au dirisha la mafaili lililofichwa nyuma ya mengine.

*`df` imeganda*: seva haipatikani na kuna folda yake bado imepachikwa. Tumia `df -l`, ambayo huangalia diski za ndani tu.

*Autofs iko kimya, haifanyi kitu*: isimamishe na uiendeshe mbele ya macho yako:

```
sudo systemctl stop autofs
sudo automount -f -v -d
```

Fungua terminali ya pili, fanya `ls /shule/kazi`, na usome kinachoandikwa kwenye ile ya kwanza. Kwa kawaida utaona kosa la herufi kwenye ramani ndani ya mistari michache. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C, kisha uiwashe tena autofs kwa `systemctl start`.

*Mac inakataliwa kwa "Operation not permitted"*: seva za Linux kwa kawaida hukubali maombi yanayotoka kwenye poti zilizo chini ya 1024, na macOS haifanyi hivyo bila kuambiwa. Ongeza `-o resvport` kwenye amri ya mount. Kumbuka pia kwamba watumiaji wa macOS huanzia namba 501, kwa hiyo rudi hatua ya 3. Kwenye FreeBSD autofs ipo tangu toleo la 10.1, ila `/etc/exports` ya huko ina mwandiko wake tofauti kabisa. Usinakili mistari ya Linux. Fungua `man exports` ya mashine hiyohiyo uandike upya.